Yule wa Nyuma ya Ukuta

Njia niliyopita mpaka nikafika Rasimbi sitaieleza. Anayetaka kwenda atafika bila mimi, na asiyetaka, maelezo ya njia hayatamfaa kitu. Nitaeleza niliyoyaona, maana nilikaa kule siku ishirini na mbili nikisuka mikeka ya watu. Msuka mkeka akishashika ukili mkononi watu humsahau. Wanasema mbele yake kama vile hayupo.

Mpakani palikuwa na karani ameketi nyuma ya meza yenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa jiwe. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nimebeba nini. Aliniuliza jina.

"Zaituni."

Akashtuka. Akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Zaituni lina mtu," akasema. "Liko kwa mtoto wa mfua bati, mtaa wa Chini. Sasa utakaa nalo vipi?"

"Si langu hili, tangu nizaliwe?"

"Huko kwenu. Hapa lina mtu. Dada yangu, majina si maembe ya kuokota chini."

Nikamwambia kwetu majina hayaishi. Mtaani kwetu akina Zaituni tuko watatu, na mmoja akiitwa tunaitika wote, tunacheka. Karani alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa kuna mahali ukoo mzima unatumia mswaki mmoja. Akachukua kibao kitupu, akaandika kwa mkaa neno Mgeni, akanivisha shingoni kwa uzi.

"Maneno ya mgeni yanasikilizwa siku ya tatu baada ya kusemwa," akanionya. "Kwa hiyo ukiwa na jambo la haraka, liseme mapema."

Sheria yao ni hii. Wahenga wa Rasimbi walichonga vibao elfu nne na mia mbili kutoka kwenye mti mmoja, kila kibao jina moja, kisha ule mti ukakauka. Tangu siku hiyo hakuna jina jipya. Mtoto akizaliwa, siku ya arobaini anavikwa kibao cha bibi yake au babu yake, na mwenye kibao anakivua. Anafanyiwa karamu. Anapigiwa vigelegele, anaambiwa hongera, umetua mzigo. Kesho yake asubuhi anahamia nyuma ya ukuta.

Kila ua wa Rasimbi una ukuta wa udongo katikati. Mbele wanakaa wenye majina, nyuma wanakaa waliotua. Neno hilo, waliotua, hutamkwa kwa adabu sana kwenye hotuba, mkono kifuani. Majumbani wanasema "yule" tu. Yule haitwi, haitikiwi, haulizwi na haambiwi. Akisema, maneno yake hayana mwenyewe, na neno lisilo na mwenyewe kule ni kama jani lililodondoka: anayelitaka analiokota na kulifanya lake. Nilimsikia fundi mmoja akiwafundisha wenzake namna ya kuchanganya udongo usipasuke. Sauti ya mzee nyuma ya ukuta ilikuwa ikimtangulia kila sentensi. Wote walimsifu fundi.

Mlango wa kati, ule unaotoka nyuma kuja mbele, haukuwa na kufuli. Haikuwapo haja. Ukifika unapiga hodi, aliye ndani anauliza nani, na asiye na jina atajibu nini? Anasimama pale kidogo, kisha anarudi. Kuingia nyumba ya mtu bila hodi, mzee wa Rasimbi angeona heri afe.

Siku ya pili nilipelekwa kusalimia kwa Mtunza Vibao, mkubwa wa ofisi ya majina. Alikuwa mtu mnene, shingo imeinama kidogo. Nilipotazama vizuri nikaona inainamishwa na vibao. Alikuwa navyo tisa. Mtumishi wake alimtangaza: Bwana Mbaruku Tengeza Dafa Kombo Sururu Hamadi Jongo Mwinyi Tamba. Aliyetaka kusema naye alipaswa kuyataja yote, kwa mpangilio, na aliyekosea alianza upya. Nilimwona mama mmoja aliyekuja kushtaki kwamba jiko lake linateketea kwa moto. Alikosea kwenye Sururu.

Nikamuuliza mtumishi, kwa sauti ya chini, inakuwaje majina yawe haba na mtu mmoja awe nayo tisa.

"Hayo ni ya akiba," akajibu. "Anayatunza. Mtu akifa bila mjukuu, jina lake litatupwa? Mheshimiwa anajitwisha."

Nilipanga kwa Mishi, mjane wa makamo, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike aitwaye Mwanamvua, mwenye meno mawili yaliyong'oka mbele, aliyekuwa na tabia ya kutia kila kitu mdomoni: vifungo, makokwa ya ukwaju, ncha za ukili wangu. Zilibaki siku kumi na tisa atimize miaka saba. Siku hizo zilikuwa zikihesabiwa na mtaa mzima, nami sikujua kwa nini.

Asubuhi ya kwanza nilimwona Mishi amesimama mbele ya ukuta, sahani mkononi, akisema nao.

"Ukuta, leo kuna mihogo. Haikuiva sana, kuni zilikuwa mbichi. Ukuta, mtoto anakua, gauni la mwaka jana limemfika magotini."

Kisha akaipitisha sahani kwenye kitundu cha chini, akageuza mgongo kabla mkono haujatokea kuipokea. Nilidhani ana wazimu. Baadaye nilitembea mtaani nikaona wengi wamesimama hivyo, wanaume kwa wanawake. Wenye mapenzi na wazee wao walikuwa wanasemea ukutani. Wasio na mapenzi walikuwa wanapitisha sahani tu.

Mimi ni mgeni, sikukatazwa kwenda nyuma. Huko nilimkuta mwanamke mrefu, mkavu, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono mapajani. Mikono ile ndiyo niliyoiona kwanza. Vidole virefu, kucha zimekatwa hadi nyamani.

"Shikamoo, bibi."

Midomo ilicheza kwanza, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Marahaba," akasema. "Karibu miaka saba sijaitumia hiyo. Kaa. Usikae hapo, kuna siafu."

Alikuwa mama yake Mishi, na alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Jina lake lilikuwa Mwanamvua, ambalo sasa lilikuwa la mjukuu wake. Kwetu ningesema mtoto ni somo yake, wangeitana somo kwa furaha na kutaniana. Pale mtoto hakuwa amewahi kumwona.

"Nusu ya baraza lao niliipokea mimi," akaniambia. "Yule wa majina tisa alitanguliza miguu. Mpaka leo anaendelea kuja hivyo hivyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka, ila jicho moja lilifinya kidogo.

Ndiye aliyenieleza habari ya zile siku kumi na tisa. Mtoto akifa kabla ya miaka saba, kibao kinarudi kwa aliyekivua. Akishatimiza saba, uzi unafungwa fundo la mwisho, na aliyetua ametua moja kwa moja. Kwa hiyo bibi wote wa Rasimbi wanashukiwa. Mtoto akikohoa tu, watu wanautazama ukuta. Mtoto akiugua, askari wawili wanawekwa mlangoni, yule asije akamkaribia.

"Kwetu wazee tunawaheshimu sana," nikamwambia. Nilitaka kumliwaza.

"Ahaa. Na bibi yako yupo?"

"Yupo. Tunakaa naye nyumbani."

"Anaitwa nani?"

"Tunamwita Bibi."

"Nimeuliza jina."

Nikashika ukili wangu, nikausokota. Nikasema nitamwambia kesho. Akaanza kuniuliza habari za mikeka.

Zilipobaki siku nane, mtoto aliugua. Tulikuwa tunakula mchana. Alicheka na kitu mdomoni, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, kisha akatulia na kuendelea kucheza. Jioni pumzi ilianza kuwa fupi. Kesho yake asubuhi alikuwa amelala chali, midomo ina rangi ya majivu. Mganga wa mtaa, kijana mwenye kibao kipya kilichong'arishwa kwa mafuta, akasema ni homa ya kifua, akaagiza mvuke wa majani. Askari wawili wakaja na viti vyao, wakakaa mlangoni mwa chumba cha mtoto.

Nilipokwenda nyuma nilimkuta bibi amesimama, sikio limebanwa ukutani.

"Nyamaza," akasema. Akasikiliza. "Unasikia? Akivuta, mluzi. Akitoa, mluzi. Homa haipigi mluzi. Alikuwa anakula nini?"

"Ukwaju."

Akafumba macho. "Ni kokwa. Limeingia njia ya hewa. Leo limekaa upande mmoja, likigeuka linaziba. Nimewahi kutoa ushanga kwa mtoto wa mpiga chapa, na punje ya hindi kwa... kwa mtu mmoja yumo barazani. Waambie wamlete."

"Nionyeshe, bibi, nikafanye mimi."

"Mkono huu unajua kwa sababu umekosea mara mbili," akasema polepole. "Wawili walikufa. Ukipiga vibaya linashuka zaidi. Nenda."

Nikaenda kwa Mishi, nikamweleza. Alikuwa amepiga magoti kando ya sufuria ya majani, mvuke umemlowesha uso.

"Nani amesema?" akauliza.

"Si unajua nani amesema."

"Zaituni, usinifanyie hivyo." Aliniita kwa jina langu, akajiziba mdomo, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Mtoto akifia mikononi mwake, watasema nimemuua mwanangu ili nimrudishie mama jina. Watasema tulipanga. Akifia mikononi mwa mganga, watanipa pole." Akaikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Twende barazani. Wakiruhusu wao, nitamleta hata kwa kumbeba mgongoni."

Baraza lilikuwa limekaa. Mishi aliyataja majina tisa bila kukosea hata moja. Akaeleza kwamba mtoto ana kokwa kifuani, na kwamba yuko mtu anayejua kulitoa.

"Mtu gani?" akauliza Mtunza Vibao.

Mishi akanyamaza.

"Swali lililo mbele yetu," akasema Mtunza Vibao, "si kama mtoto anaumwa. Kuumwa kupo. Swali ni nani amesema."

"Hakuna aliyesema," akasema mzee mmoja mwenye vibao vitatu. "Kwa hiyo hatujasikia."

"Lakini tumesikia," akasema mama mmoja wa barazani.

"Tumesikia sauti. Hata mlango unalia ukifunguliwa. Tutaujibu mlango?"

"Basi mmoja wetu ayaokote hayo maneno," akasema yule mama. "Si ndiyo desturi? Ayaokote, yawe yake, aamrishe mtoto atibiwe hivyo."

Wote waliafiki kwamba hilo ni wazo zuri. Wakatazamana.

"Okota wewe."

"Mimi? Na mtoto akifa?"

"Juzi uliokota ya kuchimba mfereji, ukapewa kiti kipya."

"Mfereji haufi, mwenzangu."

Niliwatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ameinamisha uso kama mtu aliyedondosha sindano. Nikasimama, nikasema mimi ninayaokota, maneno yawe yangu, na lawama iwe yangu. Karani akaandika. Kisha akasoma alichoandika: maneno ya Mgeni yamepokelewa, yatasikilizwa siku ya tatu.

Tulirudi nyumbani jua likiwa kichwani. Mluzi ulisikika tangu uani. Mishi hakuingia chumbani. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka paji la uso kwenye udongo.

"Ukuta," akasema. "Ukuta, wamekataa. Ukuta, mama, nifanye nini?"

Alikuwa amesema mama. Askari mmoja akageuka, mwenzake akamtazama, wote wawili wakatazama miguu yao.

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa kati, ninaona pande zote mbili. Bibi alivua kanga ya mabega, akaifunga kiunoni fundo moja la nguvu, kama wafungavyo wanawake wanaokwenda kazini. Akaja mpaka mlangoni. Hapo akasimama. Mdomo ulifunguka wenyewe kwa hodi. Niliuona ukifunguka, nikaona anaufunga tena, na uso wote ukakunjamana kwa aibu.

"Miaka sabini," akasema, si kwangu, "sijaingia kwa mtu bila hodi."

Akaingia.

Askari walisimama. Mkubwa wao alinyoosha mkono, akafungua kinywa, "Wewe..."

Mwenzake akamziba kwa kiganja. "Unamwita nani? Unataka tufungwe?"

"Sasa nimwambieje asimame?"

"Humwambii! Ukimwambia umemwita."

"Nimshike basi."

"Umshike nani? Ukimshika umeshuhudia kwamba yupo."

Wakabaki hapo, mkono wa mmoja hewani, na mwanamke mzee akapita katikati yao kama apitavyo mtu kati ya miti miwili. Kwa miaka mia mbili na zaidi wenye sheria walikuwa wamekaa na kulindana, wasione kwamba mtu asiyeruhusiwa kuitwa hawezi pia kukatazwa. Waliotua nao hawakuliona hilo. Lilifichwa na adabu yao.

Alimchukua mtoto, akaketi kitini, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, kichwa kikining'inia chini. Mtoto hakuwa tena na mluzi. Hakuwa na sauti yoyote. Bibi akapapasa mgongo kwa vidole viwili, akatafuta mahali, akainua kiganja. Kiganja kilikaa hewani kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha kikashuka. Mara moja. Akasikiliza. Mara ya pili, ya tatu. Mganga kijana alisema, "Lakini homa..." na hakuna aliyemtazama. Mara ya tano kitu kikagonga sakafu.

Lilikuwa kokwa la ukwaju, jekundu-jeusi, linang'aa. Likabingirika mpaka kwenye mguu wa Mishi.

Mtoto alivuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukwaruza.

Bibi akamgeuza, akamfuta midomo kwa upindo wa kanga. Mtoto akamtazama machoni. Akaacha kulia.

"Wewe nani?" akauliza.

Kibao kilikuwa kimelala kwenye kifua cha mtoto, na bibi alikuwa anakitazama. Mimi najua kusoma, nililiona jina. Mishi alikuwa amejibana kwenye kona, ameuma kanga. Bibi akanyoosha uzi wa kibao uliokuwa umepinda shingoni, akauweka sawa.

"Nilikuwa ninapita tu," akasema.

Akamweka mtoto kwenye mkeka, akatoka kwa mlango ule ule. Yeye na Mishi hawakutazamana. Askari walimpisha, kisha wakakumbuka kwamba hakuna mtu wa kumpisha, wakarudi mahali pao.

Baraza lilikutana siku ya tatu, kwa kuwa ndiyo siku maneno yangu yalipokuwa tayari kusikilizwa. Yakasomwa. Yakaonekana ni ya busara. Kisha ikaulizwa nani amemponya mtoto, na mashahidi wote waliapa, kwa kweli kabisa, kwamba hawakumwona mtu yeyote mwenye jina. Ikaamuliwa kwamba mtoto amepona katika kipindi cha uongozi wa Mtunza Vibao. Wiki hiyo ajuza mmoja wa mtaa wa Chini alikufa kabla hajapata mjukuu. Kibao chake kikavishwa shingo ile ile, kikawa cha kumi. Jina lake lilikuwa Pulika. Hata leo sijamsahau, ingawa sikumjua.

Ikaamuliwa pia, kwa heshima ya waliotua, ili wasisumbuliwe na kelele za mbele, kwamba kila mlango wa kati uwekewe komeo upande wa wenye majina. Maseremala walifanya kazi siku mbili. Mitaani kote zilisikika nyundo.

Siku Mwanamvua alipotimiza miaka saba palikuwa na pilau. Walifunga fundo la mwisho la uzi, watu wakapiga makofi. Mimi nilizunguka kwa njia ya nyuma, nikamkuta bibi juu ya kinu chake, anasikiliza makofi.

"Twende kwetu," nikamwambia. "Kwetu jina halivuliwi. Utaitwa Mwanamvua, na mtoto ataitwa Mwanamvua, na hakuna atakayepungukiwa."

"Na hicho kifua nani atakisikiliza? Umeona mwenyewe ana tabia ya kutia vitu mdomoni."

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera tangu siku ile: mkono ulipokaa hewani, alikuwa anafikiri nini.

Hakukasirika. "Nililifikiria jina," akasema. "Nilijua nikichelewa kidogo tu, litarudi. Nililisikia kabisa, kama mtu ananiita kutoka ng'ambo ya mto. Usije ukawaambia watu sikulifikiria. Watanifanya malaika, na malaika hapewi uji."

Makofi yakaisha. Akajifunika kanga mabegani, ingawa hapakuwa na baridi.

Niliondoka asubuhi. Mishi alinifungia mihogo kwenye jani, akanishika mkono. Nilipokuwa ninafunga mzigo wangu nilimsikia mtoto. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kama alivyomwona mama yake akisimama.

"Ukuta," akasema, "kikohozi kimekwisha. Ukuta, jino limeanza kuota."

Upande wa pili kiganja kiligonga udongo, mara moja, polepole.

Nilidhani Mishi atamkemea. Alimwendea, akamshika bega, akamsogeza hatua mbili kushoto. Akamwonyesha palipo na ufa, mahali maneno yanapopita vizuri zaidi. Kisha akamfundisha kugeuza mgongo.

Mpakani karani alinifuta kibao kwa kitambaa cha maji. Mkaa ulitoka wote mara moja.

Nyumbani nilipokelewa kwa furaha. Wifi yangu alinitua mzigo, akanikalisha jikoni, akanipakulia. Watu wakaja kusalimu, wakauliza habari za huko, nikawaeleza, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kaka akasema binadamu wengine ni wajinga sana, utamfanyiaje hivyo mama yako mzazi.

"Wifi," akasema mke wa kaka, akijaza sahani nyingine, "ukimaliza kula mpelekee na yule."

Hakuna aliyeshtuka. Nilitazama nyuso zote.

Nikaichukua sahani, nikavuka ua, nikafika mlango wa chumba cha nyuma. Siku zote nilikuwa ninausukuma kwa goti, naweka sahani, natoka. Safari hii nikasimama nje.

"Hodi."

Kitanda kikalia.

"Nani?"

"Zaituni, bibi."

Nikataka kumwita kwa jina lake. Nikasimama pale na sahani inapoa. Nikarudi jikoni, nikauliza. Wifi alicheka, akasema, "Si Bibi tu?" Kaka alikuna kichwa. Akasema labda marehemu baba alikuwa analijua.

Nikarudi, nikaingia, nikakaa kitandani karibu yake. Nilikuwa sijawahi kukaa hapo. Nikamuuliza mwenyewe.

"Bibi, jina lako nani?"

Alinigeuzia uso. Midomo yake ikaanza kucheza, bila sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, mwanangu. Nitalikumbuka."